Baiti Mbili, Nafasi Mbili: Maandishi ya Kanji katika Mifumo ya Terminali za Kompyuta, 1978–2004

Makala haya yanachunguza jinsi terminali za kompyuta zilivyobeba maandishi ya kanji, hasa nchini Japani na kwa kiasi fulani Taiwani na China, tangu kutolewa kwa kiwango cha kitaifa cha Japani cha mwaka 1978 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Neno kanji limetumika humu kwa herufi zenye asili ya Kichina kwa jumla, bila kujali nchi zinamotumika. Namba za baiti zimeandikwa kwa mfumo wa heksadesimali.

Historia hii huelezwa mara nyingi kama ugomvi wa misimbo: kila mtengenezaji alikuwa na msimbo wake, misimbo ikagongana, kisha Unicode ikaja kupatanisha. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanatazama jedwali la herufi peke yake na kuisahau skrini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maandishi ya kanji yaliweza kuingia katika vifaa vilivyoundwa kwa ajili ya Kiingereza kwa sababu ya sadfa moja, nayo ni kwamba alama iliyochukua baiti mbili katika kumbukumbu ilichukua pia nafasi mbili katika skrini. Sadfa hiyo iliepusha kuandikwa upya kwa programu nyingi mno. Hata hivyo, iliwazoesha waandishi wa programu kuhesabu upana kwa kuhesabu baiti, ilhali kila mfumo wa terminali ulikuwa na namna yake ya kuhesabu. Pale hesabu hizo zilipokosa kulingana, kilichopotea kwa kawaida hakikuwa sentensi ya kitabu. Lilikuwa jina la mtu katika uga wa rekodi.

Skrini iliyoundwa kwa alfabeti

Terminali, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni skrini na kibodi vilivyounganishwa kwa waya na kompyuta iliyo mahali pengine. Kazi yake ni kupokea baiti na kuzionyesha, kisha kurudisha zile zinazobonyezwa na mtumiaji. IBM ilitoa familia ya 3270 mwaka 1971, na Digital Equipment Corporation ikatoa VT100 mwaka 1978. Aina hizi mbili zilitofautiana sana katika utendaji wake, lakini zilishiriki dhana moja: skrini ni jedwali la vyumba vilivyo sawa, kwa kawaida mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja, na katika kila chumba hukaa alama moja iliyotokana na baiti moja. Hata idadi ya nafasi 80 haikutokana na mahitaji ya msomaji. Ilirithiwa kutoka kwenye kadi za kutobolewa ambazo IBM ilianza kuzitumia mwaka 1928.

Msimbo wa ASCII, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, una biti 7 na hivyo nafasi 128, ambazo kati yake 94 ni alama zinazoonekana. Kwa lugha inayoandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na vialama vya juu, idadi hiyo inatosha. Kiswahili sanifu kinaenea chote ndani ya ASCII, hata sauti ya ng' ambayo haihitaji zaidi ya ritifaa, na kwa hiyo mtumiaji wa kompyuta wa Dar es Salaam au Nairobi hakuwa na sababu ya kuutambua mpaka uliokuwepo. Kwa Mjapani mpaka huo ulikuwa mlangoni. Mwaka 1969 Japani ilitoa kiwango cha JIS C 6220 ambacho kilitumia biti ya nane kuongeza alama 63 za katakana, yaani hati ya silabi ambayo hutumika zaidi kwa maneno ya kigeni. Katakana hizo zilibanwa ili kila moja iingie katika chumba kimoja, kwa nusu ya upana wake wa kawaida. Mtandao wa mabenki wa Zengin ulioanza mwaka 1973 ulipitisha majina ya wenye akaunti kwa katakana hizo nyembamba. Mtu aliyejua kuliandika jina lake kwa kanji alionekana katika mtandao huo kwa sauti tu, kana kwamba jina lake lilikuwa la kigeni.

Kikwazo cha kanji hakikuwa msimbo pekee, bali pia gharama ya maumbo. Herufi ya Kilatini iliyochorwa kwa nukta 8 kwa 16 huhitaji baiti 16 za kumbukumbu, na seti nzima ya ASCII huenea katika takriban baiti 2,000. Kanji haisomeki vizuri chini ya nukta 16 kwa 16, yaani baiti 32 kwa umbo moja. Kanji na alama nyingine 6,802 zinahitaji basi zaidi ya baiti 217,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kumbukumbu ya kiasi hicho ilikuwa mzigo mkubwa kwa kifaa kilichotakiwa kukaa juu ya kila meza ya ofisi. Mashine ya kwanza ya kuandikia Kijapani kwa kompyuta, JW-10 ya Toshiba, ilitangazwa mwaka 1978 kwa bei ya yeni milioni 6.3. Kompyuta ya PC-9801 ya NEC ya mwaka 1982 ilipata umaarufu kwa sababu, pamoja na mambo mengine, maumbo ya kanji yaliweza kuhifadhiwa katika chipu zake.

Umbo la nukta 16 kwa 16 lina upana wa mara mbili ya herufi ya nukta 8. Hapo ndipo sadfa ilipozaliwa. Kanji ilihitaji vyumba viwili vya skrini kwa sababu ya umbo lake, na ilihitaji baiti mbili kwa sababu ya wingi wa ndugu zake. Sababu hizi mbili hazina uhusiano wowote, ila jibu lake ni namba ileile. Programu iliyokuwa ikihesabu baiti ili kujua kishale kiko wapi iliendelea kupata jibu sahihi bila kujua kwamba lugha imebadilika.

Jedwali la 94 kwa 94

Kiwango cha JIS C 6226 cha mwaka 1978 kiliorodhesha alama 6,802, zikiwemo kanji 6,349. Kanji 2,965 za daraja la kwanza zilipangwa kwa matamshi, na 3,384 za daraja la pili zilipangwa kwa viini vyake vya kimaumbo. Jedwali lenyewe lina safu 94 zenye nafasi 94 kila moja. Namba 94 haikuchaguliwa kwa bahati: kila baiti kati ya hizo mbili ilibaki ndani ya eneo la alama zinazoonekana za ASCII, ili kanji iweze kupita katika njia za mawasiliano za biti 7 bila kuguswa.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa upande wa waya, lakini ulizua swali kwa upande wa skrini. Neno 日本, yaani Japani, katika jedwali hilo ni baiti 46 7C 4B 5C. Katika ASCII baiti hizohizo husomeka F|K\. Terminali iliyopokea baiti hizo nne ingejuaje kwamba ilikuwa inaambiwa jina la nchi na si takataka? Historia yote inayofuata ni historia ya majibu ya swali hilo, na yalikuwa ya namna mbili. Ama terminali iarifiwe mapema kwa alama maalumu kwamba imeingia katika eneo la kanji, na ikumbuke hali hiyo mpaka itakapoambiwa vinginevyo. Ama kila baiti ibebe utambulisho wake yenyewe. Jibu la kwanza linategemea kumbukumbu ya mpokeaji. La pili linahitaji biti ya nane.

Alama zinazokula nafasi

IBM ilichagua jibu la kwanza. Katika kompyuta zake kuu, zilizotumia msimbo wa EBCDIC badala ya ASCII, mfuatano wa kanji ulitanguliwa na baiti 0E, alama ya kuhama, na kufungwa kwa baiti 0F, alama ya kurudi. Katika terminali za familia ya 3270 zilizotumika Japani alama hizo mbili hazikuwa amri tu. Kila moja ilikaa katika chumba chake kwenye skrini na kuonekana kama nafasi tupu. Jambo hili humshangaza anayelitazama kutoka upande wa VT100, lakini lilifuata mantiki ya 3270 yenyewe, ambapo hata baiti iliyoeleza sifa za uga, mathalani kama uga unaweza kuandikwa au umefungwa, ilikalia chumba cha skrini. Katika mfumo huo skrini na kumbukumbu vilikuwa kitu kimoja: kilichokuwepo katika kumbukumbu kilikuwa na mahali pake mbele ya macho.

Upande wa pili ulikuwa mila ya VT100, iliyopitishwa na kiwango cha ISO 2022. Humo terminali huongozwa kwa mfululizo unaoanza na alama ya ESC. Mfululizo wa ESC $ B huingiza kanji, na ESC ( B hurudisha ASCII. Amri hizo huchukua baiti katika waya lakini hazichukui chumba chochote katika skrini, terminali huzimeza. Tofauti hii ndogo ina matokeo makubwa kuliko inavyodhaniwa, na mfano wa hesabu utaidhihirisha. Jina la kanji nne katika kompyuta kuu ya IBM ni baiti 10 na nafasi 10. Jina hilohilo kwa mtindo wa ISO 2022 ni baiti 14, kwani kila amri ina baiti 3, lakini ni nafasi 8. Katika kompyuta ndogo za mezani, ambazo misimbo yake itaelezwa punde, ni baiti 8 na nafasi 8.

Kwa hiyo usawa wa baiti na nafasi ulihifadhiwa kikamilifu na IBM, ukahifadhiwa na kompyuta za mezani, na hata hivyo pande hizo mbili hazikukubaliana juu ya urefu wa jina moja. Chukua uga wa baiti 10 uliopangwa katika kompyuta ya mezani kwa ajili ya jina la ukoo la kanji mbili na jina binafsi la kanji tatu. Mezani linaenea barabara. Linapopelekwa kwenye kompyuta kuu, alama za kuhama na kurudi huongezwa, urefu unakuwa 12, na kanji ya mwisho haina pa kukaa. Anwani iliyochanganya kanji na tarakimu za Kilatini ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila kipande kipya cha kanji kiliongeza baiti mbili nyingine. Na programu ambayo ilikata rekodi kwa kuhesabu baiti, bila kujua kanji ni nini, iliweza kuikata alama ya kurudi yenyewe. Hapo yote yaliyofuata katika mstari, hata kiasi cha fedha kilichoandikwa kwa tarakimu, yalisomwa mawilimawili kama kanji.

Waandishi wa programu za kompyuta kuu walijibu kwa kutenga nyuga za kanji tupu. Katika hifadhidata ya DB2 aina ya data ya GRAPHIC huhifadhi baiti mbilimbili bila alama za kuhama na kurudi, kwa sababu uga wenyewe unatangaza hali yake. Ni suluhisho safi kwa jina la mtu. Kwa sentensi halisi ya Kijapani, inayochanganya hati nne bila haya, halikusaidia sana.

JUNET na mstari uliofungwa

Mtandao wa JUNET, ulioanzishwa na Jun Murai mwaka 1984 kwa kuunganisha Chuo Kikuu cha Keio na Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, ulirithi njia za barua za Unix zilizopitisha biti 7. Watumiaji wake wa mwanzo waliandikiana kwa Kiingereza au kwa Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Walipohamia kanji walitumia mtindo wa ESC, kwa kuwa ndio uliopita katika njia hizo. Desturi yao iliandikwa rasmi mwezi Juni 1993 na Murai, Mark Crispin na Erik van der Poel katika waraka wa RFC 1468, kwa jina la ISO-2022-JP.

Waraka huo mfupi una sharti moja linaloonyesha jinsi waandishi wake walivyoijua terminali. Mstari wenye kanji ni lazima urudi kwenye herufi za baiti moja kabla haujaisha. Kwa kompyuta inayosoma faili zima sharti hilo si la lazima. Lakini mtumiaji wa terminali huruka kutoka mstari hadi mstari, hutafuta neno katikati ya faili, husitisha maonyesho kwa kubonyeza kitufe. Terminali iliyoachwa katika hali ya kanji ingeonyesha hata amri inayofuata ya mtumiaji kama maandishi yasiyosomeka. Sharti la kufunga mstari liliweka mpaka wa madhara: kosa lolote liliishia mwisho wa mstari.

Lakini halikuweza kuzuia kupotea kwa ESC. Baadhi ya mashine za njiani ziliiona alama hiyo kuwa ya hatari na kuiondoa, na msomaji akapokea alama ya dola, herufi B, kisha msururu wa herufi za Kilatini. Maandishi yalikuwa bado yapo, kila baiti mahali pake, ila ufunguo ulikuwa umedondoka. Programu za kurudisha ESC zilizopotea ziliandikwa, na kigeuzi cha nkf, kilichotokea mwaka 1987, kilijifunza kukisia msimbo wa maandishi yaliyoingia kwa kuzitazama baiti zake. Ni vyema kutambua kwamba kukisia huko hakukuwa uzembe. Katika mazingira ambamo barua haikutaja msimbo wake, kukisia ndiyo njia pekee iliyobaki.

Mkwaju ndani ya herufi

Jibu la pili, la baiti kujitambulisha yenyewe, lilitoa misimbo miwili iliyoshindana nchini Japani katika miaka ya 1980. Msimbo wa EUC, uliopendwa katika kompyuta za Unix, uliichukua kila baiti ya jedwali la 1978 na kuiwasha biti yake ya nane. Kanji zote zikahamia eneo la A1 hadi FE, mbali kabisa na ASCII. Shift JIS, uliobuniwa mwanzoni mwa muongo huo kwa ushirikiano wa kampuni ya ASCII, Microsoft na wengine, ulikuwa na sharti la ziada: usiziguse katakana nyembamba za mwaka 1969, ambazo tayari zilijaa katika rekodi za biashara. Eneo lao lilikuwa A1 hadi DF. Kanji ilibidi zipite pembeni, na ili zienee zote, baiti ya pili iliruhusiwa kuingia ndani ya eneo la ASCII.

Matokeo yake yalikaa katika baiti moja, 5C, ambayo katika ASCII ni mkwaju wa kinyume (\). Katika Shift JIS kanji 表, inayotumika kwa maana ya jedwali na kwa maana ya sura ya nje ya kitu, ni 95 5C. Herufi 能 ni 94 5C, na katakana ソ ni 83 5C. Si herufi za nadra. 表 ilikuwa katika kila ofisi iliyotengeneza majedwali. Lugha ya C na maganda ya amri ya Unix huuchukulia mkwaju huo kama amri ya kuibadilisha maana ya alama inayofuata, kisha huufuta. Baiti moja ilipofutwa, mpangilio wa jozi ulivunjika na kilichofuata kikasomeka kwa jozi zisizo sahihi. Katika DOS mkwaju huohuo ulitenganisha majina ya saraka, na kwa sababu kiwango cha Japani kiliweka alama ya yeni mahali pa mkwaju, mtumiaji aliziona saraka zake zikitenganishwa na alama ya fedha. Taiwani ilipata ugonjwa uleule: katika Big5, msimbo wa mwaka 1984, herufi 許, 功 na 蓋 zote huishia na 5C. Ya kwanza kati ya hizo ni jina la ukoo linalojulikana na kila mtu huko.

EUC uliepuka mkwaju, na kwa mtazamo wa mwandishi wa programu ulikuwa msimbo bora zaidi. Ila ndiko sadfa ya baiti na nafasi ilikoanza kupasuka. Katakana nyembamba, ambazo katika Shift JIS ni baiti moja na nafasi moja, katika EUC zilitanguliwa na baiti 8E. Zikawa baiti mbili na nafasi moja. Kanji za nyongeza za mwaka 1990 zilitanguliwa na 8F, zikawa baiti tatu na nafasi mbili. Programu iliyohesabu baiti ilikosea kishale kwa maandishi hayo, na kwa vile maandishi hayo hayakuwa mengi, kosa lilivumiliwa.

Kosa la kila siku lilikuwa jingine. Mtumiaji alipobonyeza kitufe cha kufuta, mfumo wa uendeshaji ulifuta baiti moja na kukirudisha kishale nafasi moja, na nusu ya kanji ikabaki. Watumiaji walizoea kubonyeza mara mbili. Kwa misimbo ya baiti mbili na nafasi mbili zoea hilo lilifanya kazi kikamilifu, jambo ambalo laeleza kwa nini halikushughulikiwa kwa muda mrefu.

Majina yasiyo na chumba

Mwaka 1983 kiwango cha Japani kilirekebishwa. Alama ziliongezeka hadi 6,877, maumbo ya takriban kanji 300 yalibadilishwa, na jozi 22 za kanji zilibadilishana namba, ya daraja la kwanza ikienda la pili na ya pili kuja la kwanza. Miongoni mwao ni 檜 na 桧, njia mbili za kuandika jina la mti wa hinoki, ambazo hutumika pia katika majina ya ukoo. ISO 2022 ilitoa amri mpya, ESC $ B, ili kutofautisha jedwali jipya na la zamani la ESC $ @. Kinadharia hakuna kilichopotea. Kiutendaji, programu nyingi zilizichukulia amri hizo mbili kuwa kitu kimoja, na terminali ilionyesha umbo lolote lililochongwa katika chipu zake. Rekodi moja, isiyobadilishwa hata biti, ilionyesha jina moja katika terminali ya zamani na jina jingine katika mpya.

Juu ya hayo, kila mtengenezaji aliongeza kanji zake. IBM iliongeza alama 388, ikiwemo 髙, namna ya pili ya kuandika herufi ya kwanza ya jina Takahashi. NEC ilijaza safu ya 13 ya jedwali kwa alama zake za kibiashara; tarakimu 1 ndani ya duara iliyoandikwa katika mashine ya NEC ilionekana katika Macintosh kama herufi ya siku ya Jumapili ndani ya mabano. Kwa ratiba za mikutano hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa jina halichekeshi, kwa sababu mwenye jina hakuwa mbele ya skrini kulisahihisha.

Hata wenye mamlaka hawakusalimika. Herufi 镕 katika jina la Zhu Rongji, aliyekuwa Waziri Mkuu wa China kuanzia mwaka 1998, haimo katika kiwango cha GB 2312 cha mwaka 1980 chenye kanji 6,763. Herufi 堃 katika jina la Yu Shyi-kun, aliyeongoza serikali ya Taiwani kuanzia mwaka 2002, haimo katika Big5, na waandishi wa habari walilazimika kuielezea kwa kuvitaja vipande vyake, mraba, mraba na udongo, ndani ya mabano. Serikali ya China ilijibu kwa kiwango cha GB 18030 cha mwaka 2000. Raia wa kawaida aliyekuwa na tatizo hilohilo hakuwa na magazeti ya kulieleza.

Upana baada ya baiti

Kikundi cha Ken'ichi Handa katika Maabara ya Elektrotekniki ya Japani kiliishughulikia tofauti ya baiti na nafasi kwa uwazi. Kihariri chao cha Mule, kilichojengwa juu ya Emacs na kuunganishwa nayo katika toleo la 20 la mwaka 1997, kiliipa kila seti ya herufi sifa mbili zilizo mbalimbali: idadi ya baiti zake na idadi ya nafasi zake katika skrini. Ndiyo maana faili moja liliweza kubeba Kijapani, Kichina, Kikorea na Kigiriki pamoja, hata kama terminali ya mtumiaji haikuweza kuyaonyesha yote.

Unicode ilikuja na jedwali moja. Kanji 20,902 zilizounganishwa zilikamilishwa mwaka 1992, na mwezi Septemba mwaka huohuo Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8 kwa ajili ya mfumo wa Plan 9. Katika UTF-8 hakuna baiti ya kanji inayoingia katika eneo la ASCII, hivyo mkwaju ndani ya herufi ulitoweka. Na baiti moja ikipotea, mpokeaji hujirekebisha kwenye alama inayofuata. Lakini kanji ya kawaida sasa ni baiti tatu, na bado ni nafasi mbili. Sadfa ya mwaka 1978 ilikuwa imekwisha. Kubonyeza kitufe cha kufuta mara mbili hakukusaidia tena, na mwaka 2004 kiini cha Linux kilipata swichi ya kukiambia kitufe hicho kwamba herufi ina baiti zaidi ya moja. Nayo hiyo ilihusu baiti tu; upana ulibaki kazi ya wengine.

Kulikuwa na waliopoteza kitu. Watumiaji wa PTT, jukwaa la terminali lililoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwani, walikuwa wamegundua kwamba amri ya rangi yaweza kupachikwa kati ya baiti mbili za Big5. Terminali ilichora nusu ya kushoto ya herufi kwa rangi moja na ya kulia kwa nyingine. Kwa kanuni yoyote ya usimbaji huo ni uharibifu wa maandishi, na kwa watumiaji ulikuwa urembo uliotegemea usawa wa baiti na nafasi kuliko kitu kingine chochote katika historia hii. Katika UTF-8 hakuna nusu ya herufi ya kupakwa rangi.

Terminali za leo huuliza upana wa kila alama kwa kitendakazi kiitwacho wcwidth, kinachotegemea jedwali la upana la Unicode. Jedwali hilo hutofautisha alama nyembamba na pana, kisha huweka kundi la tatu kwa zile ambazo upana wake una utata. Humo zimo herufi za Kigiriki na za Kirusi pamoja na mistari ya kuchorea majedwali. Sababu ni kwamba kiwango cha mwaka 1978 kiliziorodhesha herufi hizo za Kigiriki na Kirusi pamoja na kanji, na kile cha 1983 kikaiongeza mistari. Kwa kuwa zilikuwa baiti mbili, terminali za Japani zilizichora kwa nafasi mbili. Moscow na Athens zilizichora kwa nafasi moja. Unicode ilizipa namba moja tu, kwa hiyo kompyuta ya Tokyo inayochora fremu ya jedwali katika terminali iliyo kwingineko haina njia, katika maandishi yenyewe, ya kujua kama ukingo wa kulia utaangukia nafasi ya 40 au ya 80.